Mtoto anakohoa mjini, akienda Makunduchi anapona. Nyumba inaweza kumuumiza mtu?

Mzazi_wa_Kiponda · 14 Aprili

Assalaamu alaykum jamani. Naomba mawazo yenu, na tafadhalini musinitume tena duka la dawa, huko nimeshazoeleka mpaka muuzaji ananiita kwa jina la mwanangu.

Nina mtoto wa kiume, miaka sita. Mchana anacheza, anapanda na kushuka ngazi, hana habari. Ikifika saa nane za usiku kifua kinaanza kupiga filimbi, anakaa kitako kitandani na kuvuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka mbizi. Spitali wamesema pumu, wamempa inhela, na inamsaidia. Lakini kuna jambo linanisumbua. Likizo ya Disemba tulimpeleka kwa bibi yake Makunduchi, shamba kusini ya Unguja, wiki tatu. Siku ya nne kikohozi kikakata. Tukamrudisha mjini, usiku wa pili tu, yale yale. Mwezi uliopita tukampeleka tena siku kumi, mambo yakawa vile vile.

Tumekodi nyumba ya mawe ya zamani hapa Kiponda, Mji Mkongwe, tunakaa chini. Chumba cha watoto kimeelekea uchochoro, jua halikijui. Miaka miwili nyuma mwenye nyumba alileta fundi, akakwangua chokaa yote iliyokuwa ikipukutika, akapiga plasta ya saruji na juu yake rangi ya mafuta, kijani. Ikapendeza kweli. Masika moja haikumaliza. Rangi ikaanza kutoa malengelenge usawa wa goti, ukiyatumbua yanatoka maji, kisha unga mweupe. Yule mdogo wake aliuramba akaniambia "Baba, chumvi". Kabati la nguo liko ukuta huo huo. Kanzu niliyoitundika baada ya Idi nimeitoa juzi ina madoa meusi mgongoni, na harufu ile ambayo watu wa mjini munaijua.

Suali langu: ni mimi ninayetafuta sababu, au nyumba kweli inaweza kumuumiza mtu?

Baharia_Mstaafu

Hiyo nyumba ina wenyewe, mashetani. Somesha Kurani.

Mzazi_wa_Kiponda

Ami, tumesomesha mara mbili. Wenyewe hawa wana rangi ya kijani na harufu ya soksi.

Fundi_Chokaa

Nipisheni kidogo, hapa ndipo penye kazi yangu.

Jiwe la nyumba za Mji Mkongwe ni la matumbawe, lina vitundu kama sifongo. Nyumba zile hazina nailoni ya kuzuia maji chini ya msingi kama za leo. Jiwe limekaa juu ya ardhi na linanyonya maji kama utambi wa kandili unavyonyonya mafuta. Wazee walilijua hilo na hawakushindana nalo. Walijenga kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, wakasiriba kwa chokaa, wakapaka chokaa. Chokaa inaachia. Maji yanayopanda yanatokea usoni mwa ukuta, upepo unayachukua, mchezo umekwisha. Na kule kupaka kila mwaka hakukuwa pambo tu. Chokaa mbichi ni kali, muulize aliyewahi kuipaka bila ya glavu, na ukungu hauoti juu ya kitu kikali namna ile.

Sasa ukija na saruji umemvisha mtu koti la mvua halafu unamwambia akimbie. Maji hayana pa kutokea, kwa hiyo yanapanda juu zaidi kutafuta njia. Zamani alama ya maji ilikuwa kwenye kifundo cha mguu, leo iko kwenye goti, mwakani iko kiunoni. Rangi ya mafuta ndiyo kifuniko cha sufuria. Ule unga aliouramba mtoto ni chumvi iliyopanda na maji. Maji yanakauka, chumvi inabaki, inavimba na kuibandua plasta vipande vipande. Na kama fundi alitumia mchanga wa baharini (wapo, na wanajijua) basi chumvi nyengine mumeileta wenyewe kwa gari.

Kuna linalonitia hofu zaidi ya rangi. Vichwa vya boriti vimekaa ndani ya ukuta. Ukuta ukiwa na maji wakati wote, kichwa cha boriti kinaoza kimya kimya, juu huoni kitu. Vyumba vya mjini ni vyembamba kwa sababu upana wake ni urefu wa boriti la mkoko, mita tatu hivi. Nyumba nzima imening'inia kwenye vichwa hivyo.

Kabla hujabishana na mwenye nyumba fanya mtihani huu. Chukua kipande cha nailoni inayopenya mwanga, viganja viwili, kibandike ukutani kwa utepe pande zote nne. Kiache siku mbili. Maji yakitokea nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, yanatoka ukutani. Yakitokea mbele, upande wa chumba, basi ni hewa yenu ya ndani: kupika, kufua, kuanika nguo, pumzi za watu wanaolala milango imefungwa. Dawa zake ni mbili tofauti, na nimeona watu wengi wakipoteza pesa kwa kutibu isiyokuwepo.

Nesi_Mstaafu

Mwanangu Mzazi, hutafuti sababu. Nimekaa wodi ya watoto miaka mingi, na hiyo hadithi ya "akienda shamba anapona" nimeisikia kwa kina mama mpaka nikaifanya suali langu la mwanzo: anakohoa wapi, na saa ngapi?

Mambo yanayokutana kwenye chumba hicho ni mengi. Ukungu unatoa mbegu ndogo sana zinazoruka hewani, mwenye pumu akizivuta mirija ya mapafu inakaza. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mzima juu ya unyevu na ukungu ndani ya nyumba mwaka 2009, na wakasema wazi kuwa wanaokaa penye unyevu wanapata zaidi maradhi ya njia ya hewa na pumu kuzidi. Halafu kuna vijidudu vya vumbi, huvioni kwa macho, vinaishi kwenye godoro na mto na vinapenda unyevunyevu. Ndiyo maana usiku. Mtoto anazika uso ndani ya kile kinachomdhuru saa nane mfululizo.

Ila nikuulize mengine, na ujibu kwa ukweli. Munapikia wapi? Munawasha nini usiku kwa mbu?

Na INHELA USIIACHE. Wala usipunguze kwa sababu umesoma kitu humu. Ukuta utatengenezwa kwa miezi, pumzi ni ya leo.

Mzazi_wa_Kiponda

Bi Nesi, tunapika gesi. Lakini mvua zikizidi mke wangu anaingiza jiko la makaa ukumbini, maharage na pweza kwa gesi ni hasara. Mbu, tunawasha ile dawa ya mduara chini ya kitanda cha watoto. Nimeandika hivi na nishaanza kuona haya.

Nesi_Mstaafu

Usione haya, nusu ya mji ndiyo wanavyofanya. Lakini iondoe leo. Kuna utafiti wa mwaka 2003 uliopima dawa za mduara kutoka China na Malaysia: mduara mmoja ukimalizika unatoa vumbi laini la moshi sawa na sigara 75 mpaka 137. Chini ya kitanda cha mtoto wa pumu! Chandarua kinatosha, na hakitoi moshi. Visiwa vyetu malaria imeshuka kwa vyandarua, kupulizia majumba na dawa ya mseto. Mduara sijawahi kuusikia ukitajwa humo.

Makaa ni habari nyengine, na hapa nasema kwa wote. Makaa yakiwaka vizuri hayana moshi, watu wanadhani yamekuwa salama. Yanatoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inaing'ang'ania damu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, anasikia usingizi, anasema "nimechoka leo", anajilaza. Wengine hawaamki. Jiko la makaa halilali ndani na watu, hata kama limebaki na majivu mekundu tu.

MpembaWaKonde

Nnasoma huu uzi tangu jana nnacheka kidogo. Nyinyi wa mjini mumelia ukuta, sisi huku Pemba tunalia kila kitu isipokuwa ukuta.

Mamaangu amepikia kuni maisha yake yote, mafiga matatu, jiko ndani ya chumba kisichokuwa na dirisha kwa sababu upepo "unakula kuni". Ukiingia jikoni kwake mchana unaona rangi mbili: weusi wa dari, na wekundu wa macho yake. Kikohozi chake tulikizoea kama saa ya ukutani, kisipolia ndo tunashituka. Yeye hakuwahi kuvuta sigara hata moja. Alipopelekwa spitali daktari suali la kwanza lilikuwa "Anapikia nini?" na kaka yangu akakasirika, akaona mama anadharauliwa kwa umasikini.

Hatukununua jiko la maajabu. Tulibomoa tofali tatu juu karibu na paa, upande wa pili tukatoboa dirisha dogo usawa wa jiko. Moshi ukapata pa kutokea. Mwaka uliofuata tukamjengea banda uani, paa la makuti, pande mbili wazi. Alituchukia wiki mbili, akisema tumemtoa jikoni kama mtumishi. Sasa ukimtafuta, yumo humo humo bandani na majirani zake.

Gesi anayo. Ya kuchemshia chai ya wageni.

Na kuna jambo hamlijui watu wa mjini: msimu wa karafuu ukikutana na mvua. Majamvi yote yanaingizwa ndani, karafuu mbichi zinatandazwa ukumbini, vyumbani, mpaka chini ya vitanda, kwa sababu zikirundikwa zinaharibika na pesa imekwenda. Nyumba inakuwa ya joto na majimaji, macho yanawasha, unalala na harufu hiyo mpaka chai unaionja karafuu. Watoto wanapiga chafya usiku kucha. Lakini nani atazitoa nje zinyeshewe? Daktari aje anijibu hilo.

Nesi_Mstaafu

Sina jibu la karafuu, mwanangu. Watoto walale kwa jirani asiyekuwa na mikarafuu, kama yupo Konde nzima.

Ulivyofanya kwa mama ndivyo hasa. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu milioni 3.2 waliokufa mwaka 2020 kwa moshi wa majumbani, na zaidi ya 237,000 kati yao ni watoto chini ya miaka mitano. Ndiyo maana yule daktari aliuliza. Mwambie kaka yako haikuwa dharau.

Kijana_wa_Fuoni

Wacheni niwapunguzie wivu. Mimi nina nyumba mpya, matofali, mabati ya rangi, vigae chini, kila kitu. Mchana wa kaskazi haikaliki. Sikuweka dari, nilisema nitaweka mwakani, ni mwaka wa nne huu. Jua likikaza mabati yanalia *ta! ta!* na joto linashuka kichwani kama mtu amekuwekea pasi.

Kosa langu kubwa ni madirisha. Nimeweka yale ya alumini ya kusukuma, kila mtu anaweka. Hakuna aliyeniambia kuwa dirisha la kusukuma linafunguka nusu tu! Umelipia dirisha zima, unapata upepo wa nusu. Na jirani kajenga ukuta wake hatua mbili kutoka wangu, basi hata ile nusu inapumua ukuta. Nimenunua kiyoyozi, sasa tunafunga kila kitu tunakaa mle mle. Mke wangu anasema nyumba ya baba yake ya udongo na makuti ilikuwa na baridi zaidi. Nilibisha. Nikaenda kulala huko siku moja. Sibishi tena.

Ghorofa_ya_Tano

Sisi wa majumba ya Michenzani mutatuweka wapi? Hewa tunayo. Mzee Karume na ramani zake za Ujerumani Mashariki walituachia madirisha pande mbili, upepo unaingia wa kusi na kutoka. Ukungu hatuujui, ila kwenye choo.

Maradhi yetu sisi ni ngazi. Bibi yangu ana miaka themanini na kidogo, magoti yamekwisha, jengo halina lifti. Mara ya mwisho kushuka ilikuwa kwenye maziko ya mdogo wake. Alikulia Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, nyumba ya chini yenye baraza, jioni anakaa nje na kahawa, kila anayepita anamsalimia, anajua nani kaoa nani kaacha. Sasa anakaa dirishani. Anawaona watu wadogo chini, anaita majina, hawamsikii. Hana pumu, hana sukari, presha yake nzuri kuliko yangu, lakini anafifia tu. Kula hataki, usiku halali. Tulimwita daktari, akaandika vitamini.

Ninachotaka kusema, nyumba inaweza kuwa safi, kavu, ina upepo, na bado ikamla mtu.

Nesi_Mstaafu

Ghorofa_ya_Tano, umenigusa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo ya makaazi na afya, na humo humo pamoja na msongamano, joto, baridi na ajali za nyumbani, waliweka hili: nyumba ifikike na mtu mwenye ulemavu au mzee. Mutafuteni mtu wa chini wa kubadilishana naye nyumba, hata kama ni ndogo. Na kabla ya hapo mshusheni kwa kiti, vijana wawili, hata Ijumaa kwa Ijumaa.

Bi_Mkubwa_Malindi

Mumesema ukuta, makaa, mbu, mabati. Hamjataja ubani na udi kwa sababu munaogopa wake zenu. Mimi siogopi nasema: nyumba isiyofukizwa haikai watu. Harufu ya unyevu inaondoka kwa udi tu, mama zetu walifukiza na walizaa kumi na wakakua.

Nesi_Mstaafu

Bi Mkubwa, nakuheshimu, nami chetezo changu kipo. Lakini udi hauondoi unyevu, unaufunika. Harufu ya ukungu ni taarifa, nyumba inakwambia kitu. Na moshi wa udi kwa kifua cha pumu ni moshi tu, hautambui kuwa umetoka kwenye chetezo cha fedha. Fukiza mtoto akiwa skuli, madirisha wazi, nguo uzifukize uani. Na katika hao kumi waliozaliwa, tusihesabu wale waliokua tu.

Bi_Mkubwa_Malindi

Hilo la mwisho umelisema kwa makusudi.

Nesi_Mstaafu

Ndiyo.

Mpangaji_Jang'ombe

Yote mazuri, lakini munaongea kama kila mtu ana nyumba. Sensa ya 2022 Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake una watu 893,169, karibu nusu ya Zanzibar nzima, na wengi tumekodi vyumba. Sisi tuko sita chumba kimoja. Nikimwambia mwenye nyumba ukuta unatoa maji ananiambia watu wapo wanaosubiri. Nikigusa ukuta ni wake, nikiondoka amana hairudi. Mutuambie la mtu asiyekuwa na ukuta wake.

Fundi_Chokaa

Haki yako. Kwa mpangaji nasema hivi. Kitanda na kabati zisiguse ukuta wa nje, acha upana wa kiganja hewa ipite. Nguo zisianikwe chumbani. Asubuhi mukiamka fungua mlango na dirisha vyote viwili kwa pamoja, dirisha peke yake halivuti hewa, linataka pa kutokea. Ukungu uliokwishaota usiufagie mkavu, unautawanya. Ufute kwa kitambaa chenye maji na sabuni, kitambaa ukitupe.

Ukishindwa yote, panda juu ukaangalie paa na mfereji wa maji ya mvua. Nusu ya kuta ninazoitiwa "zinatoa maji ya ardhini" zinavujiwa kutoka juu. Tundu la karo la jirani, bomba linalodondoka ndani ya ukuta. Hayo ni ya kuziba, si ya kujenga.

Nesi_Mstaafu

Na watu sita chumba kimoja, mmoja akiwa na kikohozi cha wiki mbili basi akapimwe kifua kikuu bila ya kungoja. Kinapita kwa hewa, na hewa yenu ni moja.

Mzazi_wa_Kiponda · 2 Juni

Nimerudi. Samahanini kwa kimya, masika haya yametuonesha.

Mtihani wa nailoni nimeufanya kuta mbili. Ukuta wa uchochoro maji yalikuwa nyuma ya nailoni, yanateremka kama jasho. Ukuta wa ndani yalikuwa mbele, machache. Kwa hiyo maradhi yetu yalikuwa yote mawili.

Mduara tumeuacha siku ile ile. Makaa hayaingii ukumbini, mke wangu amehamishia ngazini penye uwazi, na pweza anapikwa mara moja kwa wiki badala ya tatu. Kabati tulipolisogeza mgongo wake ulikuwa mweusi wote, mbao laini unaingiza kidole. Nimeutupa, nimeweka pazia. Godoro la sufi tulilolirithi kwa mama mkwe nimelipandisha juu ya paa kila penye jua, mpaka majirani wakaniuliza kama nimeanza biashara. Watoto wamehamia chumba cha mbele, sisi wakubwa ndo tunalala na chumvi.

Mtoto bado ana pumu. Inhela bado anayo. Lakini wiki tatu zilizopita ameamka usiku mara mbili tu, zamani ilikuwa kila usiku. Siandiki zaidi ya hapo, naogopa kuitia husda.

Mwenye nyumba nilimwonesha picha ya nailoni. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza "Na juu, boriti?" Nadhani hilo ndilo lililomshitua, si kifua cha mwanangu. Amekubali kukwangua saruji ya ukuta wa uchochoro, upande wa ndani. Fundi, tunaanza lini?

Fundi_Chokaa

Kukwangua hata kesho. Halafu uachwe wazi, mchafu hivyo hivyo, madirisha wazi, kusi yote iupulize. Chumvi itatoka, mutaifagia kwa brashi kila wiki, musiioshe kwa maji. Kusiriba chokaa nitakuja ukishakauka. Na kama atataka kugusa upande wa nje, apitie kwanza Mamlaka ya Uhifadhi ya Mji Mkongwe, ule mji uko kwenye orodha ya UNESCO tangu mwaka 2000 na hauguswi ovyo.

Na mwambie akija na kopo la rangi ya mafuta kabla yangu, sishuki kwenye baskeli.

Baharia_Mstaafu

Rangi gani safari hii?

Mzazi_wa_Kiponda

Nyeupe, ami. Nyeupe tu.